Binti wa Katikati

Komeo la mlango wa jikoni liliburutwa taratibu, mti juu ya mti, kisha kukawa kimya.

Ronah aliusikia mlio huo akiwa bado kitandani, na nje giza halijaondoka. Aliujua tangu utotoni. Kila siku kabla jogoo hajawika, mama yake Gorret aliamka, akavuta komeo la ule mlango wa nyuma unaotazama mlimani, akauacha wazi kidogo, ndipo akawasha moto. Mgeni akiuliza kwa nini baridi yote ya Bwera inakaribishwa ndani, Gorret alijibu kwamba moshi unataka njia. Nyumba nzima ilikuwa imelipokea jibu la moshi, na hakuna aliyeuliza tena.

Lakini leo Ronah hakuwa na usingizi wa kurudia. Leo mchana Hilaire angekuja na shangazi yake kujitambulisha rasmi. Alipeleka mkono chini ya mto akaitoa simu. Ujumbe wa jana usiku ulikuwa bado pale, naye akausoma kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole. "Nimemaliza gemu letu. Wewe uwe wa kwanza kuliona. Kesho nitamwonyesha mama yako."

Gemu letu! Ronah alitabasamu gizani peke yake.

Walikutana Kasese mjini. Ronah alikuwa akishona sare za shule kwenye baraza ya jengo moja karibu na soko, na Hilaire alikuwa na kichumba mlango wa pili, akitengeneza simu na kompyuta za watu. Alikuwa kijana wa Butembo aliyevuka mpaka na shangazi yake wakati mambo yalipoharibika kwao. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba, alikuwa na macho. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama anayemsikiliza kwa macho. Siku moja alimwomba Ronah apite barazani na mzigo wa vitambaa kichwani, ili apate kuchora jinsi msichana wa milimani anavyotembea.

"Pita tena," alisema.

"Nimepita mara ngapi sasa?"

"Sijashiba."

Ronah alicheka, akapita tena, na tangu siku hiyo cherehani yake ikawa inakata uzi ovyo kila mlango wa pili ukifunguka.

Gemu lenyewe halikuwa la mpira wala la bunduki. Lilikuwa safari. Msichana mwenye taa anapanda milima yetu hii, anapita kwenye mianzi, anapita kwenye miti mirefu ya ajabu inayoota karibu na barafu, akimtafuta mtu wake aliyepotelea ukunguni. Hadithi Hilaire aliipata kwa Ketura, bibi yake Ronah mzaa baba, alipokuja kumsalimu wakati wa Pasaka. Ketura alimsimulia habari za Mwenye Theluji, ambaye huwapokea waliopotea, akawapa nyumba na moto na viazi vya kuchoma, wala hamzuii mtu kuondoka; ila lazima mtu wa kwao afike mlangoni amwite kwa jina.

Vivuli vya ndani ya gemu navyo vilitoka Butembo. Hilaire alipokuwa mdogo, padri mmoja mzee alikuwa akionyesha filamu ukutani mwa kanisa, filamu za zamani sana, nyeusi na nyeupe, watu wakifumbua midomo bila sauti na maneno yao yakija yameandikwa kwenye ubao. Kivuli cha mtu kilipanda ngazi kabla ya mtu mwenyewe, na watoto walipiga kelele wakajificha chini ya vitenge vya mama zao. Filamu moja ilikuwa imeungua kipande cha mwisho. Kila mara ilikatika palepale, na kila mtu akaenda nyumbani na mwisho wake mwenyewe.

"Nilijiambia nikikua nitaimalizia," Hilaire alimwambia Ronah siku moja. Na hapo ndipo Ronah alipompenda, kama mnataka kujua.

Sasa alipunguza sauti ya simu, akalifungua gemu. Ukungu ukatambaa kwenye kioo. Msichana mwenye taa akapanda, na Ronah akajiona, kwa maana mwendo ule ulikuwa wake, bega moja chini kidogo. Alipanda mpaka kwenye kibanda cha majani kilichokaa peke yake chini ya theluji. Taa ilipoinuliwa, kivuli cha mwanamke kilisimama nyuma ya mlango. Ubao ukatokea, maneno meupe juu ya weusi.

MIMI NI BIIRA. NIMEKUNGOJA SANA.

Ronah akalifunika jina lile kwa kidole gumba.

Katika nyumba ile jina hilo halikutamkwa. Watu wa milima hii huwapa watoto majina kwa jinsi walivyofuatana tumboni: binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, hata kama kanisani atabatizwa jina lingine. Dada yake mkubwa, aliyeolewa kule Mubuku, ni Masika. Ronah jina lake la nyumbani ni Kabugho. Katikati yao alikuwapo Biira, mtoto wa miguu myepesi, ambaye siku moja alifuatana na wanawake kwenda kukata mianzi juu mlimani. Ukungu ukashuka. Wanawake wakarudi. Wakatafuta mpaka wakachoka, na mwishowe wazee wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakauzika mahali pa mwili. Tangu alfajiri iliyofuata Gorret akawa anauacha wazi ule mlango unaotazama mlimani. Ronah alikuwa mdogo. Alidhani wanapanda ndizi, na alishangaa kwa nini mama analia hivyo kwa ajili ya ndizi.

"Rudisha nyuma nisome vizuri."

Ronah aliruka. Gorret alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, kibatari mkononi.

"Mama, ni..."

"Nimesema nisome." Aliinama. Gorret hakusoma sana shuleni, lakini kitabu cha nyimbo za kanisa alikimaliza kila mwaka. Midomo yake ilisogea polepole juu ya yale maneno. Kisha ikaacha kusogea. "Nani amempa Mkongo yule jina la mtoto wangu?"

"Si mimi, mama. Naapa sijawahi kumwambia."

"Basi alipewa na upepo."

"Mama, nisikilize..."

"Ulimpa bibi yako akamkamua hadithi zake. Ulimpa mwendo wako, nimeuona hapo. Kilichobaki kilikuwa hiki, nacho ukampa." Aliichukua simu mkononi mwa binti yake, bila haraka, akaenda nayo jikoni. Ronah akasikia maji yakisema chubwi. "Akija mchana," Gorret alisema toka huko, "aitafute ndooni."

Hivyo Ronah hakuwa na njia ya kumwonya. Alifagia uwanja, akaanika kahawa kwenye turubai, akamenya mihogo, na moyo wake ukienda huku na huku kama chui wa kufungiwa. Alimwogopea Hilaire, halafu alimchukia, halafu alimwogopea tena. Maana alilijua jambo moja: yeye hakusema. Basi Hilaire alikwenda kuuliza kwa nani? Alizunguka kwa majirani akinunua machozi ya watu kwa chupa ya soda?

Walifika jua likiwa utosini. Hilaire alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, mfuko wa kompyuta begani. Shangazi yake, Emérance, muuza vitenge katika soko la Mpondwe, alitangulia na kitenge kipya cha ndege wa bluu, kikapu kichwani chenye makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, na chumvi, sabuni na kuku aliyefungwa miguu. Hilaire alimtafuta Ronah kwa macho, akampata kando ya turubai la kahawa, akatabasamu. Ronah alitazama pembeni. Tabasamu likabaki usoni mwa kijana halina pa kwenda.

"Bonjour hapa nyumbani!" Emérance aliita kwa lugha ya mlimani. "Wageni wenu tumefika!"

Gorret alitoka akasimama mlangoni. Hakutoa kiti. Kwetu, hata mtu aliyekuja kukudai hupewa kiti kwanza, ndipo mgombane.

"Simama hapo hapo," alisema. Na alisema kwa Kiswahili.

Ronah alifumba macho. Lugha ya Butembo na lugha ya Bwera ni za tumbo moja. Watu wanasikilizana bila mkalimani, wanataniana, wanaposana. Kiswahili Gorret aliwawekea askari wa mpakani na madereva wa malori. Kusema na mgeni wa Butembo kwa Kiswahili kulikuwa kumwambia, wewe si wangu.

Emérance alielewa. Alikitua kikapu chini, akanyoosha mgongo. "Mama Gorret, tulikuya na roho muzuri. Juu ya nini unatupokea sawa bezi, batu ba kuiba?"

"Hiyo kikapu utarudi nayo. Mimi nauliza kijana, siulizi wewe." Alimwelekezea kidole. "Wewe! Nani alikupa hii jina, Biira?"

Hilaire alijibu kwa lugha yao ya mlimani, kwa adabu, kichwa kimeinama. Gorret alimkata.

"Sema Kiswahili."

Kijana akageuza lugha. "Mama, hakuna mutu alinipa."

"Uliota?"

"Hapana, mama."

"Hii mtoto ni yangu. Si picha ya kuwekwa kwa simu, watu wanafinya-finya na kidole. Nyinyi mulikuja hapa bila kitu, tukawapa mahali ya kulala. Sasa mnachukua mpaka wale tulizika?"

"Eh! Eh!" Emérance alipiga makofi mara moja, hewani. "Angalia kinywa yako, mama. Miye sikukuya kwako kuomba bundu ya kukula. Ninauzishaka vitenge, ninalipaka nyumba yangu. Na huyu mutoto hajaiba hata sindano!"

"Anaiba kubwa kuliko sindano. Na kazi yake ni nini? Kuchora-chora kwa kioo. Mjukuu yangu watakula kioo?"

"Na wako anashona. Batakula nguo?"

Jirani mmoja nyuma ya ua alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Gorret aligeukia ua. "Na wewe huko, nenda ukapike!" Kikohozi kikakoma.

Wakati huo bibi Ketura alikuwa ametoka jikoni taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine ukikokota kigoda chake. Alikiweka mbele ya Emérance, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Mama, usitoe kigoda," Gorret alisema.

"Ni changu," Ketura alijibu. "Mguu wake ulikuwa ukicheza. Kijana huyu alipokuja Pasaka aliuona, akautengeneza wakati mimi nakwenda kutafuta maji ya chai. Sikumwomba, wala hakunionyesha kwamba ametengeneza. Nilijua nilipokaa." Akamgeukia Emérance. "Keti, mwanangu. Umetoka mbali na jua ni kali."

Emérance aliketi, na ghafla macho yake yakajaa maji, kwa maana ugomvi ulikuwa umemkausha, na wema mdogo namna ile humkuta mtu hajajikinga.

Hilaire alitumia nafasi hiyo kumsogelea Ronah nyuma ya jiko, karibu na mgomba wa matoke. Ronah alikuwa amekunja mikono.

"Kabugho," alimwita kwa jina la nyumbani.

"Usiniite hivyo. Ulizunguka kwa nani?"

"Sikuzunguka."

"Usinidanganye, Hilaire! Simu yangu iko ndooni, mama yangu hajala tangu asubuhi, na wewe umesimama hapa na shati lako. Nani alikuambia?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza barazani, nilikuuliza kwenu wanakuitaje. Ukasema Kabugho. Baadaye ukaniambia dada yako Masika ana watoto Mubuku." Alihesabu kwa vidole. "Ronah, na kwetu tunahesabu hivyohivyo. Masika, halafu Kabugho. Nikajua yupo Biira. Hukumtaja, nikadhani yuko mbali, Kampala labda, au mmekosana, na mimi si mtu wa kuingilia. Nikasema, nikienda kwa mama yake, sitaki kwenda na binti mmoja mkononi kama niliyesahau wengine. Masika nimemweka mwanzoni mwa gemu, ndiye anayempa msichana taa. Wewe ndiwe unayepanda. Nikamtafutia na wa katikati mahali, mwishoni mwa safari. Nilidhani mama atafurahi kuwaona wote watatu."

Ronah aliikunjua mikono yake. Kumbe ndivyo! Kosa lile mtu wa Kampala asingelifanya, wala Mzungu, wala Mwarabu. Lingefanywa na mtu wa milima hii tu, anayeyajua majina yetu kama ngazi na kuona mara moja palipokosa kidato. Alimtazama yule kijana, jasho likimtoka, kola imelegea. Akatamani kumfuta uso, akatamani pia kumzaba kibao.

"Hayuko Kampala," alisema mwishoni. "Alikwenda kukata mianzi. Tulizika mgomba."

Hilaire aliweka mkono ukutani. Kisha akasema, "Nitamfuta. Sasa hivi, mbele ya mama. Na kama kumfuta kutaharibu gemu zima, liharibike."

"Kazi yako yote ile?"

"Nikimfuta, utanisamehe?"

"Sijui," Ronah alisema, na ilikuwa kweli. "Nenda kwa mama."

Gorret aliposikia maelezo yale hakulegea hata kidogo. Aliyasikiliza ameshika kiuno. "Uliona nafasi, ukaingiza mkono," alisema. "Mtu akiona nafasi kwa meno ya mwenzake, anaingiza kidole?"

"Hapana, mama. Nilikosa."

"Baba ya Ronah yuko kwa shamba ya mpunga Mubuku, lakini alisema neno yangu ni neno yake. Basi sikia neno. Toa hiyo masini. Futa mtoto yangu, mimi nione na macho. Halafu chukua shangazi yako na kuku yake, uende. Na Ronah," aliongeza bila kumtazama binti yake, "akitaka kufuata wewe, afuate leo, lakini asirudi hapa kutafuta mama."

Ronah alitazama njia ya kwenda barabarani, kisha akautazama mlango wa mama yake. Hilaire alimtazama mara moja, mtazamo wa mtu anayeaga, akafungua mfuko.

Aliiweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, kwenye kivuli cha paa. Ukungu ukatambaa. Ketura alisogea karibu, akaweka mkono juu ya macho.

"Ndipo penyewe," alinong'ona. "Baridi yake naijua. Tazama, kivuli kinamtangulia mwenyewe."

"Hapo nilifuata filamu za padri, bibi," Hilaire alisema.

"Alikuwa padri mwenye akili. Kivuli ndicho kinachobisha hodi."

"Msiongee," Gorret alisema.

Msichana mwenye taa alipanda. Hata kuku alinyamaza kikapuni. Kibanda kikatokea chini ya theluji. Kivuli kikasimama nyuma ya mlango, ubao ukaandikwa. Gorret aliyatazama yale maneno kama mtu anayetazama moto ulioichoma nyumba yake.

"Hapa ndipo ninapomtoa," Hilaire alisema kwa sauti ya chini. Kidole chake kilikuwa tayari. "Mama anisamehe."

"Ngoja."

Akangoja.

"Fungua mlango kwanza," Gorret alisema. "Mimi sifuti kitu bila kujua ni nini."

Hilaire alibonyeza. Mlango wa kibanda ukafunguka taratibu, na mwanga wa taa ukaingia ndani.

Hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke mzima, ameketi kando ya moto, akigeuza viazi kwa kijiti. Hilaire, ambaye hakuwahi kumwona, alikuwa amechukua paji la uso la Masika kutoka kwenye picha ya harusi aliyoonyeshwa, akachukua kidevu cha Ronah alichokijua kuliko chake mwenyewe, akaviweka pamoja. Kwa kuwa hakujua kwamba Biira aliacha kukua, alikuwa amemkuza. Mwanamke aliinua uso akatazama mlangoni, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua.

Gorret alikaa chini. Alikaa palepale kwenye udongo, miguu imenyooshwa mbele, kama wanavyokaa wanawake msibani. Alipeleka mkono karibu na kioo bila kukigusa.

"Amekua," alisema.

Ronah alishtuka. Mama yake hakuwa amesema kwa Kiswahili.

"Mama," alianza, lakini Ketura alimshika mkono akamtikisia kichwa, wacha.

"Anakula?" Gorret aliuliza, kwa ile lugha ya mlimani, lugha ya kuposana na kutaniana.

Hilaire alipiga magoti kando yake, suruali yake nzuri kwenye vumbi. "Anakula, mama. Viazi vitamu. Anavyo vingi."

"Na baridi?"

"Moto wake hauzimiki. Nilifanya hivyo tangu mwanzo. Kila kitu katika gemu kinaweza kuzimika, hata taa ya msichana, ila moto huu."

Gorret aliitika kwa kichwa polepole. Alitazama kwa muda mrefu, na machozi yalimshuka bila yeye kujishughulisha nayo. Kisha uso wake ukakunjamana, ukali ukarudi.

"Nani anamsuka?"

"Mama?"

"Nywele. Nani anamsuka nywele huko?"

Hilaire alimtazama upya yule mwanamke wa kiooni. "Hakuna mtu, mama. Sikufikiria."

"Hukufikiria. Viazi ulifikiria, moto ulifikiria, kichwa cha mtoto ukakiacha kama kichaka! Mtoto wangu hawezi kukaa hivyo mbele ya watu. Watasema hana mama."

Emérance alijifunika uso kwa kitenge chake cha ndege wa bluu, mabega yakatikisika.

"Nimfute?" Hilaire aliuliza, karibu bila sauti.

"Funga," Gorret alisema. "Funga mlango wake kwanza, baridi isimwingie, ndipo ufunge hiyo kompyuta yako."

Akafanya hivyo, kwa utaratibu ule ule.

Kisha Gorret aliinuka akajipangusa vumbi, na kila mtu akangoja aseme neno moja, hata jirani nyuma ya ua. Hakulisema. Alitazama mlima, ambao wingu lilikuwa tayari limeukalia mabega. "Mvua inakuja," alisema. "Nendeni msinyeshewe." Akaingia ndani.

Moyo wa Ronah ulivunjika vipande. Hilaire alimsaidia shangazi yake kusimama, akakirudisha kigoda kwa bibi kwa mikono miwili. Kikapu walikiacha palepale, kwa maana Ketura alikuwa ameketi kando yake na mkono mmoja juu ya kuku, wala hakuna aliyethubutu kumwambia auondoe. Wakaanza kushuka njia ya mawe kuelekea barabarani. Hilaire aligeuka mara moja. Safari hii Ronah hakutazama pembeni. Alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, na akajua amekwisha kumsamehe, na kwamba pengine msamaha wake umekuja wakati haumsaidii mtu.

"Wewe kijana!"

Gorret alikuwa amesimama mlangoni tena. Mkononi alikuwa na kitana cha mti na kichupa cha mafuta. Hilaire akasimama.

"Mimi sijui kuchora," Gorret alisema, kwa lugha yao, kwa sauti ya kufika barabarani. "Kusuka najua. Yule nilikuwa namsuka mistari ya kwenda nyuma, halafu naifunga juu. Leo nitamsuka huyu mdogo wake vilevile. Jumatatu anarudi Kasese kwenye cherehani yake. Umtazame vizuri kichwa, mbele na nyuma, uige. Usikosee mstari."

"Sitakosea, mama."

"Halafu umlete yule tena. Nataka kumwona."

Hilaire alimtazama Ronah, akamtazama mama. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya mbali mbali kwenye kahawa. "Mama," alisema kwa woga, "hawezi kuja peke yake. Mpaka mimi nimbebe."

"Kwani mimi mjinga?" Gorret alijibu. "Sijui kwamba ni wewe utambeba?" Alimwonyesha Ronah kwa kitana aketi chini mbele yake, kisha akasema tena, polepole zaidi, na safari hii sauti yake haikuwa na mwiba. "Mje. Na shangazi yako aje. Njooni tena, viti nitatoa."